Kiwanuka, Strahan na makinda wa Kaitaba

Chukua wachezaji wawili wa nafasi moja na klabu moja, waliopishana miaka 13 kuingia kazini. Katika misimu minne ya kwanza, yule aliyetangulia aliandikiwa 1, 4.5, 7.5 na 5. Aliyefuata aliandikiwa 4, 4.5, 8 na 3. Jumla ni 18 kwa 19.5. Sasa uambiwe kwamba mmoja wao alikuja kuwa kati ya wakubwa kabisa wa historia ya mchezo huo, na mwenzake akastaafu akiwa mchezaji mzuri, basi. Utamtaja yupi? Mtu mwangalifu atasita. Wa kijiweni atamtaja wa 19.5 papo hapo, tena atataka muwekeane dau.

Mwenye 18 ni Michael Strahan wa New York Giants, na alimaliza kazi akiwa na 141.5. Mwenye 19.5 ni Mathias Kiwanuka. Alimaliza na 38.5.

Mchezo wenyewe ni kandanda ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, ambayo fainali yake kwa saa za kwetu huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo wanaoitazama Bukoba unaweza kuwahesabu kwa vidole. Lakini kwa mtu wa Kagera jina la Kiwanuka halihitaji kutafsiriwa. Mathias alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, na babu yake ni Benedicto Kiwanuka, mtu wa Masaka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, ambaye askari wa Idi Amin walimkamata Mahakama Kuu, Kampala, Septemba 1972, wakamuua. Miaka sita baada ya hapo majeshi ya Amin huyo huyo yalivuka mpaka yakaingia kwetu na kulivunja daraja la Kyaka. Februari 1979 wanajeshi wetu wakaiteka Masaka. Kwa hiyo tunamzungumzia mjukuu wa jirani wa ng'ambo ya Mutukula.

Hata hivyo si ujirani unaonifanya nimlete hapa. Namleta kwa sababu kazi yake yote imeandikwa, msimu kwa msimu, na kwa sababu alikua kivulini mwa mkongwe wa nafasi yake mwenyewe. Swali linalowagombanisha watu kila wiki kwenye uwanja wa Kaitaba, na kwenye viwanja vya shule kuanzia Kemondo hadi Nshamba, ni hilo hilo: huyu dogo amefikia wapi ukimweka pembeni ya mzee? Kwetu swali hilo hujibiwa kwa sauti. Kwa Kiwanuka na Strahan tunaweza kulijibu kwa kumbukumbu, halafu tuone jibu linatufaa kiasi gani.

Kwanza kazi yenyewe. Timu inayoshambulia ina mrushaji, ambaye hupokea mpira na kutafuta mwenzake wa kumrushia. Ana sekunde mbili au tatu hivi. Mkabaji wa pembeni, nafasi waliyocheza hawa wawili, kazi yake ni kumpita jitu la kilo 140 lililowekwa kumzuia, amfikie mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi, na amwangushe. Akimwangusha anaandikiwa moja. Wakimwangusha wawili kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu, ndiyo maana hesabu zina nukta. Ligi ilianza kuziweka rasmi mwaka 1982.

Utaona mara moja udhaifu wa kipimo hiki. Mkabaji anaweza kumtimua mrushaji mara 15 katika mechi moja, amlazimishe kurusha ovyo, mpira unaswe na beki mwenzake, na kwenye karatasi asomeke sifuri. Mwingine anaweza kuzembea mechi nzima, mwishoni mrushaji akateleza mwenyewe mbele yake, akamgusa, akaandikiwa moja. Si mfano wa kutunga sana. Mwaka 2001 Strahan alimaliza msimu na 22.5, rekodi ya wakati huo, ambayo T.J. Watt alikuja kuifikia mwaka 2021, na ile ya mwisho iliyomvusha rekodi ya zamani aliipata Januari 2002 dhidi ya Brett Favre, ambaye alijilaza chini kwa urahisi mno. Mpaka leo Wamarekani wanabishana kama Favre alimzawadia. Mimi naona alimzawadia. Lakini naona pia kwamba mtu aliyefika 21.5 bila kusaidiwa na yeyote hahitaji kutetewa kwa sababu ya moja.

Tumfuate Strahan kwa mwaka. Aliteuliwa raundi ya pili mwaka 1993 kutoka Texas Southern, chuo kisichokuwa na jina kubwa katika mchezo huo, na sehemu kubwa ya utoto wake alikuwa Mannheim, Ujerumani, ambako baba yake alikuwa mwanajeshi. Alianza na 1. Akaenda 4.5, halafu 7.5, halafu akarudi nyuma hadi 5. Msimu wa nne, yule aliyedhaniwa anapanda akashuka. Ungekuwa shabiki wa Giants mwishoni mwa 1996, ukiulizwa kama huyu bwana atafika popote, ungekuwa na haki ya kuguna. Msimu wa tano akapata 14. Wa sita, 15. Wa saba akaporomoka hadi 5.5. Kisha 9.5, kisha hiyo 22.5, kisha 11, 18.5, 4, 11.5, 3 na 9.

Soma tena mfululizo huo. Mtu huyu, ambaye leo yumo katika Jumba la Heshima la mchezo wake tangu 2014, ana misimu sita kati ya 15 ambayo hakufika 6. Hakuna mstari ulionyooka hapo. Kuna kupanda, kushuka, kuumia, kurudi. Tunapomtaja mkongwe tunamtaja kwa kilele chake, na kilele hicho ndicho tunachomwekea dogo mbele kama kipimo. Dogo anashindanishwa na msimu mmoja wa 2001, wakati hata Strahan mwenyewe hakuufikia tena.

Kiwanuka alianza kwa mbwembwe zaidi. Chuoni Boston College aliweka rekodi ya chuo, 37.5, na Giants wakamchukua raundi ya kwanza mwaka 2006, nafasi ya 32, ya mwisho ya raundi hiyo. Klabu ilikuwa tayari na Strahan, na Osi Umenyiora, Mnigeria aliyezaliwa London, na Justin Tuck aliyeingia mwaka mmoja kabla. Nafasi ni mbili, watu wanne. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wamchukue wa nne. Jibu lilikuja Novemba mwaka huo huo: Strahan akaumia mguu, Umenyiora naye alikuwa nje, na kinda akajikuta ndiye tegemeo.

Tarehe 26 Novemba 2006, dhidi ya Tennessee, Giants walikuwa wameongoza 21 kwa 0, wapinzani wakarudi hadi 21 kwa 14, na zimebaki dakika chache. Tennessee wapo kwenye jaribio la nne na la mwisho. Wakishindwa, mchezo umekwisha. Kiwanuka akamfikia mrushaji, Vince Young, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Amemshika kabisa. Kisha akamwachia. Alidhani mpira umeshatoka, na sheria inamwadhibu vikali anayemwangusha mrushaji asiye na mpira. Young, akiwa na mpira mkononi, akakimbia yadi 19. Tennessee wakasawazisha, wakashinda 24 kwa 21.

Nimelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu linatuambia kitu kuhusu hukumu. Kwa wiki kadhaa New York nzima ilimjua Kiwanuka kwa kitendo kimoja: aliyemwachia Young. Lakini litazame kwa jicho la kocha. Ugumu wa kazi ile ni kumfikia mrushaji, na hilo alilifanya, tena akiwa msimu wake wa kwanza, dakika za mwisho, miguu ikiwa imechoka. Alichokosa ni sehemu ndogo inayofundishika: kujua mpira uko wapi, kutoogopa filimbi. Mkongwe angeangusha kwanza, mengine yafuate, kwa sababu ameshapuliziwa filimbi mara nyingi na anajua dunia haiishi. Mtu anayejua kupima angeondoka uwanjani siku ile akiwa na matumaini zaidi juu ya Kiwanuka kuliko alivyoingia. Wengi waliondoka wakimlaani.

Mwaka 2007 Strahan akarudi, akiwa na miaka 35, baada ya kukaa nyumbani kipindi kizima cha maandalizi akifikiria kustaafu. Umenyiora naye yuko mzima. Kocha Tom Coughlin na wasaidizi wake wakamhamisha Kiwanuka kutoka mkabaji wa pembeni kuwa mkabaji wa mstari wa pili. Kwa maneno ya kwetu, ni kama kumchukua mshambuliaji wa kati aliyefunga akiwa kinda, ukamwambia msimu huu utacheza beki wa kulia kwa sababu wenye namba tisa wamerudi. Kazi mpya ilimtaka asome mwendo wa washambuliaji, arudi nyuma kuwakaba wapokeaji, azuie njia ya wakimbiaji, na mara chache tu amfuate mrushaji. Na bado akapata 4.5 hadi Novemba, alipovunjika mfupa wa mguu dhidi ya Detroit. Februari 2008 Giants wakawafunga New England, waliokuwa hawajapoteza mechi hata moja msimu ule, 17 kwa 14. Strahan akapata pete aliyoisubiri miaka 15, akastaafu miezi michache baadaye. Kiwanuka naye alipata pete, ila fainali aliitazama akiwa majeruhi.

Je, Coughlin alikosea? Kwa klabu, hapana. Timu ilipata ubingwa, na Strahan wa miaka 35 alitoa 9. Kwa Kiwanuka kama mkabaji anayekua, mwaka ule ulikuwa wa hasara. Majibu haya mawili ni ya kweli yote, na mtu anayetaka kulazimisha liwe moja anajidanganya. Klabu ina haki ya kumtumia kinda kuziba pengo. Isichokuwa na haki nayo ni kumuuliza mwishoni mwa msimu kwa nini takwimu zake za nafasi ya zamani hazikupanda.

Mwaka 2008 Umenyiora aliumia goti kabla ya msimu kuanza, Strahan ameshaondoka, Kiwanuka akarudishwa pembeni kwa msimu mzima. Akapata 8, idadi yake kubwa kuliko zote. Mwaka 2009 wenye nafasi wamerudi, dakika zimepungua, akashuka hadi 3. Mwaka 2010, msimu wake wa tano, alianza kwa moto: mechi tatu, 4. Kisha akagundulika na tatizo la diski shingoni, msimu ukaisha hapo. Ukichukua 4 kwa mechi tatu ukazidisha kwa mechi 16 utapata 21 na ushee, na hesabu ya namna hiyo ni ya watu wanaokunywa rubisi mchana. Lakini kumbuka kwamba msimu wa tano ndio Strahan alilipuka. Hatutajua Kiwanuka angelipuka au la, maana aliporudi 2011 alirudishwa mstari wa pili, na pembeni ameingia kinda mwingine, Jason Pierre-Paul, aliyepata 16.5 mwaka huo. Kiwanuka akawa sasa ndiye mkongwe anayempisha dogo. Alibeba ubingwa wa pili Februari 2012, safari hii akiwa uwanjani, akapata 6 mwaka 2013, na klabu ikamwachia mwaka 2015.

Kwa hiyo wale watu wawili wa mwanzo walilingana miaka minne, wakatofautiana kwa 103. Tofauti hiyo imetoka wapi? Sehemu ni kipaji, sina shaka. Strahan alikuwa na nguvu za mikono na akili ya kumsoma mpinzani zisizo za kawaida. Lakini sehemu kubwa ni kwamba Strahan alibaki na kazi moja ya pembeni misimu yote 15, na mwili wake ukamvumilia. Kiwanuka alihamishwa, akarudishwa, akahamishwa tena, akavunjika mguu, akaumia shingo. Kulingana kwao mwaka wa nne kulieleza walikofika, hakukueleza wanakokwenda. Hayo ni maswali mawili, na ubishi mwingi wa mpira ni wa watu wawili ambao kila mmoja anajibu lake.

Kuna jambo jingine ambalo wanaompigia debe kinda husahau. Mara nyingi husikia hoja hii: "Hata fulani alianza taratibu, mpeni muda." Ni kweli Strahan alianza taratibu. Ila wapo wengi walioanza taratibu kama Strahan na wakaendelea taratibu hadi mwisho, na hao hatuwataji kwa sababu hatuwakumbuki. Kumtaja mkongwe aliyechelewa kung'aa si ushahidi kwamba kila anayechelewa atang'aa. Kunatuzuia kumfukuza mapema, basi.

Na umri. Strahan alianza akiwa na miaka 21, Kiwanuka 23. Misimu minne yao ilikuwa sawa kwa idadi, lakini Kiwanuka alikuwa ameimaliza akiwa na miaka 26, mwenzake 25. Mwaka mmoja unaonekana kidogo. Katika mchezo unaokula miili kwa kasi ile, si kidogo.

Sasa turudi nyumbani, maana suala la umri ndilo linaloanza kutuumbua. Huku kwetu kuna umri wa cheti na kuna umri wa mpira, na kila mtu anajua. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009 kwa sababu tatizo si la Tanzania peke yake. Lakini kwenye ligi ya wilaya hakuna MRI. Kijana anayesifiwa Muleba kwamba ana miaka 17 na anawaburuza mabeki wazima anaweza kuwa na 21, na kama ana 21 basi hatumwoni akikua, tunamwona amefika. Anayeumia zaidi kwa uongo huo ni yule wa miaka 17 ya kweli aliyekaa benchi, mwembamba, anayesukumwa kila mpira wa juu, na kocha anasema hana nguvu.

Mfano mzuri wa Kitanzania wa kupima kombo ni Mbwana Samatta na Kelvin John. Kelvin aliibuka kwenye michuano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 iliyofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, akaitwa Mbappé na nchi nzima, na alipotimiza miaka 18 mwaka 2021 akajiunga na Genk ya Ubelgiji, klabu ile ile ya Samatta. Kulinganisha kukawa hakuepukiki: Samatta alifunga mabao 23 ya ligi akiwa Genk msimu wa 2018/19 na wakawa mabingwa, huyu mbona yuko timu ya pili? Lakini Samatta alipofika Genk Januari 2016 alikuwa na miaka 23, ameshacheza TP Mazembe ya Lubumbashi karibu miaka mitano, ameshabeba Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015, na ameshatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Ukitaka haki, mweke Kelvin wa miaka 18 pembeni ya Samatta wa miaka 18, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka Msimbazi kwenda Kongo. Hapo utaona Kelvin alikuwa mbele kwa anwani na nyuma kwa dakika za mechi za wakubwa. Mwaka 2024 alihamia Aalborg, Denmark, na nadhani lilikuwa jambo la busara: kinda hukua kwa kucheza, na jina la klabu kubwa halichezi kwa niaba yake.

Kaitaba kuna jambo la pekee ambalo sijaona likitiliwa maanani vya kutosha. Uwanja ule una nyasi bandia. Viwanja ambako vijana wa Muleba hujifunzia mpira ni vya nyasi za asili, zenye mabonde, na Bukoba na jirani zake ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka. Kijana aliyekulia pale amejifunza kuusubiri mpira, kwa sababu ukianguka kwenye nyasi ndefu zilizolowa unapoa wenyewe. Kwenye zulia la Kaitaba mpira ule ule unaruka na kukimbia. Mguso wa kwanza unamtoka mita mbili. Jukwaani wanasema dogo ana miguu ya mbao. Mkongwe aliyecheza pale misimu sita ameshajua wapi aweke mguu na lini asitishe hatua. Ukiwaweka wawili hao pamoja kwenye majaribio ya siku moja, hujapima vipaji, umepima nani ameuzoea uwanja. Jaribio la haki lingempa kijana wiki mbili za mazoezi pale kwanza, au lingefanyika Muleba, mkongwe naye akahangaike na matope.

Halafu kuna dakika. Kinda wetu wa kawaida huingizwa dakika ya 80, timu imefungwa, kila mtu anapiga mipira mirefu. Mechi kumi za namna hiyo ni dakika mia moja, yaani hata mechi mbili hazijatimia, zote za hekaheka. Mwisho wa msimu anasomeka "mechi 10, bao 0". Mkongwe anasomeka "mechi 25, mabao 8", na dakika zake zinapita 2,000. Nani amewahi kuzigawanya? Na katika dakika zile mia, kama ungekuwa unaangalia vizuri, ungemwona dogo akimkimbilia beki wa kati mara tatu mfululizo, beki akapaniki, akatoa pasi mbovu, kiungo wetu akainasa na mwingine akafunga. Bao linakwenda kwa mfungaji. Mbio zile haziandikwi popote. Huko Marekani waligundua zamani kwamba kumtimua mrushaji kunatabiri mambo kuliko kumwangusha, wakaanza kuhesabu matimuo. Sisi bado tunahesabu mabao na kadi, yaani kile kilichomo kwenye ripoti ya mwamuzi.

Sisemi makocha wetu hawana akili. Wana sababu. Kagera Sugar, Wanankurukumbi, walishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25 baada ya miaka mingi Ligi Kuu, na timu inayopigania kubaki haiwezi kugeuzwa shule. Kocha mwenye mechi tano na kibarua shingoni atampanga mkongwe anayejua kupoteza dakika kwenye kona kuliko kinda atakayepiga chenga mbili na kupoteza mpira wa tatu. Nami ningefanya hivyo. Tatizo linaanza pale uamuzi wa dharura unapogeuzwa kuwa hukumu: dogo hakupangwa, basi dogo hafai. Kutopangwa kwake kulieleza hali ya timu.

Kushuka daraja, kwa upande huu, kumefungua mlango. Ligi ya Championship si ligi ya mteremko, ila ndiyo mahali ambapo kijana wa mkoa anaweza kupata dakika 2,000 badala ya mia moja. Klabu ikizitumia kuwapa wakongwe waliokosa timu Dar es Salaam, itarudi Ligi Kuu ikiwa na kikosi cha miaka 33. Ikizitumia kwa vijana, iwahukumu kwa busara: wacheze nafasi moja msimu mzima kabla ya kusemwa, wapimwe kwa dakika, na linganisho lao liwe ni mkongwe alipokuwa na umri kama wao, wala lisiwe mkongwe wa kwenye picha ya ubingwa. Na kosa moja la dakika ya mwisho, kama lile la Kiwanuka na Young, lichunguzwe ni la aina gani. Aliyeshindwa kufika na aliyefika akakosea hatua ya mwisho ni wachezaji tofauti, hata kama matokeo yameandikwa sawa.

Kwangu, Kiwanuka alikua kama inavyotakiwa hadi msimu wa tatu, klabu ikamnufaisha na kumpunguza kwa wakati mmoja, na mwili ukamaliza mjadala. Anayesema alifeli kwa sababu hakuwa Strahan hajatazama miaka minne ya kwanza ya Strahan. Anayesema angekuwa Strahan kama si majeraha naye anasema asichoweza kukijua.

Tofauti yetu na wao ni kwamba haya yote nimeweza kuyasema kwa sababu mtu aliyaandika. Kijana aliyewika Kamachumu miaka kumi iliyopita tumebakiwa na jina lake tu na ubishi. Makocha wa Bukoba na Muleba, wa klabu na wa michezo ya shule, UMISSETA na UMITASHUMTA, nunueni daftari. Mwandikieni kila kijana tarehe yake halisi ya kuzaliwa, nafasi aliyocheza siku hiyo, dakika alizocheza, uwanja ulikuwa wa namna gani, na mara ngapi alimlazimisha mpinzani kukosea. Vyama vya soka vya wilaya viyakusanye madaftari hayo kila mwisho wa msimu na kuyatunza ofisini, ili kocha mpya akija asianze kwa kuuliza kijiweni nani anajua mpira.